Mwenye mbwa akikwambia "usiogope, haumi" huwa mnamjibu nini?

Pongwe_Kati (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mda. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hakuna ugomvi.

Nipo Uingereza mwaka wa kumi na moja huu, mji mdogo nje ya London, kazi zangu za usiku kwenye maghala. Mtoto wa Tanga mimi, kwetu mbwa ukimuona unaokota jiwe kwanza ndo unapiga hodi. Sasa mwishoni mwa 2022 jamaa wa kazini akawa anahama nyumba, mwenye nyumba mpya hataki wanyama, nikajikuta nimebeba kitoto cha mbwa kwenye begi la mgongoni, mpaka leo sielewi ilikuwaje. Nikakiita Bosi, maana siku ya kwanza tu kilipanda kwenye kochi mimi nikakaa chini.

Bosi akakua. Kisha akakua tena. Kichwa kama sufuria ya ubwabwa wa msiba, kifua kama mbeba mizigo wa Kariakoo. Mama yake anajulikana, baba ndo hivyo tena.

Septemba 15, 2023 waziri mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, akatangaza kwamba mbwa aina ya XL Bully wanapigwa marufuku, kulikuwa na matukio ya watu kuuliwa, video zinazunguka, nchi nzima imechemka. Kwa wasiojua, sheria yenyewe inaitwa Dangerous Dogs Act, ipo tangu 1991, ilikuwa na aina nne: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. XL Bully akawa wa tano. Kwa England na Wales ikawa kuanzia 31 Desemba 2023 ni kosa kumuuza, kumgawa, kumtelekeza, kumzalisha, au kumtoa nje bila kamba na kile kikapu cha kufunga mdomo. Kuanzia 1 Februari 2024 kuwa naye tu bila cheti ni kosa, miezi sita ndani inaweza kukuhusu, na faini isiyo na kikomo.

Sasa kichekesho. Hawaangalii DNA. Hawaangalii makaratasi ya ukoo. Wanaangalia umbo. Dume akifika sentimita 51 begani, jike 48, halafu kichwa kikubwa, mdomo mpana, mwili wa misuli, huyo anahesabika hata kama mama yake ni mbuzi. Nikachukua futi ya cherehani ya wife nikampima Bosi mlangoni jikoni kama mtoto wa chekechea. 49 na nusu. Ana mwaka na miezi miwili, bado anakua. Yani sentimita moja na nusu ndo imesimama kati yangu na polisi.

Ushauri wa serikali ulikuwa ukiwa na wasiwasi jiandikishe. Nikajiandikisha. Pauni 92.40 za cheti, chipu chini ya ngozi, bima ya kulipa watu akidhuru mtu, kuhasiwa kabla ya 30 Juni 2024, na kamba na kikapu maisha yake yote, mpaka ndani ya gari mkiwa barabarani. Anayeshika kamba awe na miaka 16 kwenda juu, kwahiyo binti yangu wa miaka 13 ambaye ndo Bosi anamsikiliza kuliko mtu yeyote duniani haruhusiwi kutoka naye. Waliojiandikisha ni zaidi ya mbwa 50,000. Wengine walichagua sindano ya kuwalaza moja kwa moja, serikali ikawa inalipa fidia ya pauni 200. Jirani yangu mtaa wa pili alichagua hivyo, mwezi mzima alikuwa anatembea peke yake asubuhi njia ileile na kamba iko mfukoni.

Ila kilichonileta sio hicho. Mimi na Bosi tunaingia paki, yeye kafungwa mdomo, kamba fupi mkononi, watu wanavuka upande wa pili, sawa nimezoea. Anatokea kimbwa huko, hana kamba, anakuja mbio anatubwekea, anamng'ata Bosi masikio, mwenyewe yuko mita mia kashika kahawa anapiga kelele "usijali, haumi!" Na Bosi hawezi hata kujitetea, kafungwa mdomo na sheria.

Naomba mawazo. Tuwafungie mbegu au tuwafungie wenye mbwa?

Mzee_wa_Kijiwe

Mswahili analala chini mbwa kwenye kochi. Sijasoma mbele ya hapo.

mgosi_wa_ndima

Mgosi mwenzangu umetuangusha Tanga nzima hahahaa. Ila hilo la kupimwa na futi limeniua. Alifika 51 au hakufika?

Mama_Wawili

Mimi nipo Birmingham na nitasema msichopenda. Marufuku naiunga mkono asilimia mia.

Mwanangu wa kwanza akiwa na miaka sita aliangushwa na mbwa uwanja wa kuchezea watoto, tena sehemu yenye geti na bango kabisa mbwa hawaruhusiwi. Mbwa wa kawaida tu, sio hao wenu wa kupimwa. Hakung'ata, kweli, alikuwa anataka biskuti. Mtoto kapasuka kidevu nyuzi nne. Mwenye mbwa akaniambia nini? "Hajawahi kufanya hivi." Mpaka leo mtoto akisikia kengele ya kola ananishika nguo.

Sasa nyie mtasema umeona, hata mbwa wa kawaida anaumiza, kwahiyo mbegu haina maana. Hapana. Bajaji inagonga na lori linagonga, lakini hatuwapi watu leseni moja. Yule mbwa angekuwa na kilo hamsini na taya za hao tunaowaona kwenye habari, leo nisingekuwa naandika habari ya nyuzi nne.

Pongwe_Kati

Dada pole sana, na la bajaji na lori sina jibu lake. Ila ngoja nikuongezee kitu, kwenye sheria hiyohiyo ya 1991 kuna kifungu cha tatu, hicho hakiangalii mbegu kabisa. Mbwa yeyote, hata awe wa kubebwa kwenye pochi, akiwa hadhibitiwi mwenyewe ana kosa. Na sio lazima ang'ate! Ukipata sababu ya maana ya kuogopa kwamba atakudhuru, inatosha kuwa kosa. Tangu 2014 inahesabika hata ndani ya nyumba ya mtu. Akijeruhi mtu mwenyewe anaweza kula mpaka miaka mitano, akiua kumi na minne. Halafu halmashauri zina amri zao za maeneo ya wazi, wanasema hapa kamba, hapa mbwa haingii, kinyesi okota, ukivunja unapigwa faini ya papo hapo.

Kwahiyo yule wako wa biskuti sheria ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuisimamia paki saa kumi jioni. Mimi miaka yote hii nimemuona ofisa wa mbwa mara moja, na alikuwa anaulizia njia.

Mama_Wawili

Ndo maana nasema bora mbegu. Ofisa akipita na gari anaona kabisa lile jibwa halina kikapu, hahitaji ushahidi. Hiyo ya "sababu ya maana ya kuogopa" nani ataithibitisha? Mimi mama wa kiafrika niende kituoni niseme nimeogopa?

Pongwe_Kati

Hapo umenifunga mdomo kama Bosi.

bin_Fundo

Asalaam alaykum jamaa. Mie niko London mwaka wa tano, mtu wa Unguja, nataka niongeze jambo ambalo nyote mmelipita.

Nilikuwa nakwenda sala ya Ijumaa, nimeoga, nimevaa kanzu yangu nyeupe, nakata paki kufupisha njia. Mbwa akaja na tope lake akanirukia, akanilamba mikono mpaka viwiko. Bibi mwenyewe anacheka, "usiogope, hana neno huyu, anakupenda tu". Bibi mimi sikuogopa! Hakuning'ata, nakubali. Lakini miye mtu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa naosha mara saba na moja iwe kwa udongo, ninautoa wapi udongo Ijumaa saa saba kasoro robo mjini London? Nimerudi nyumbani, Ijumaa ikanipita.

Na wallahi mbwa simchukii. Sote tumesomeshwa kisa cha yule aliyemteremkia mbwa maji kisimani kwa kiatu chake akasamehewa madhambi. Kufuga kwa ulinzi ama kwa mifugo inajulikana kuwa inaruhusika. Ninalolisema ni moja: hilo neno "haumi" ni jawabu la suali nisilouliza. Sikuuliza kama anauma. Nilitaka asinifikie.

Pongwe_Kati

Ami umemaliza. Hili ndo nilikuwa nalitafuta uzi mzima sikujua niliseme vipi.

Kanairo_Wueh

Wasee huku Nairobi hii story tunaijua. Ukienda msitu wa Karura mbwa anaingia lakini kwa kamba, hiyo ndio rule, unalipa kiingilio chako unatembea fiti. Sasa kuna wale wakifika mahali miti imeshona wanaangalia nyuma wanaangalia mbele, wanafungua kamba eti mbwa apate uhuru. Mimi ni mtu wa kukimbia, mbwa akiona mtu anakimbia anadhani ni mchezo ama ni mwizi. Nimeshawahi kupanda mti na viatu vya elfu kumi na mbili.

Lakini kitu inanisumbua zaidi ni kwa mtaa za matajiri. Mwenye mbwa humuoni. Anayetembeza ni kijana wa shamba ama soja wa geti, ashakuwa kazini tangu usiku, anapewa Rottweiler wawili kwa mkono mmoja, yeye ndio anavutwa. Hajafunzwa, hajui mbwa akianza kukakamaa afanye nini, na hata yeye mwenyewe anawaogopa. Akimuuma mtu mwenye nyumba anasema ni makosa ya kijana. Hapa hata ulete sheria ya mbegu hamsini, nani ndio ako responsibo? Aliyeshika kamba ama aliyenunua mbwa?

Na nyinyi Watz msianze na ile kibao yetu ya "Mbwa Kali", tunajua ni "mkali", mbwa mwenyewe hajalalamika.

mgosi_wa_ndima

Hahahaa tulikuwa tunasubiri uingie tu.

Hilo la anayetembeza sio la Nairobi peke yenu. Nenda Coco Beach asubuhi saa kumi na mbili uone. Jibwa limenona kuliko anayelivuta.

Dokta_wa_Mifugo_Moro

Nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, nafanya kazi ya mifugo mwaka wa tisa, ngoja niweke machache maana naona mnaenda vizuri.

Kwanza ile habari ya kwamba pit bull taya zake zinajifunga kufuli, hakuna kitu kama hicho, taya zake zimeumbwa kama za mbwa mwingine yeyote. Tofauti ipo kwenye ukubwa wa mwili na namna ya kung'ata. Mbwa wengi wakiuma wanaachia wanarudi nyuma, hao waliozalishwa zamani kwa kupiganishwa walichaguliwa wale wanaong'ang'ania na kutikisa. Kwahiyo dada wa Birmingham hajakosea, mbwa mkubwa akikosea gharama yake ni kubwa. Lakini ukali wenyewe hausomeki kwenye kichwa. Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na nne ndo anajifunza dunia, watu, watoto, pikipiki, miavuli. Akikosa hapo anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndo huyo anayeuma. Sisi tunamfungia bandani mchana kutwa asimuone mtu, tena wengine wanamlisha pilipili eti awe mkali, halafu siku geti limeachwa wazi tunashangaa kamrarua mtoto wa jirani.

Pili, na hili ndo langu hasa. Ninyi huko Uingereza mnabishania meno. Sisi huku tunahangaika na mate. Huko kichaa cha mbwa kwa mbwa walishakimaliza karne iliyopita, huku bado kinaua, na kati ya watu wanaoambukizwa duniani asilimia 99 wamekipata kwa mbwa. Hakichagui mbegu. Koko wa sokoni na German Shepherd wa milioni mbili wote sawa. Dalili zikishatokea kwa binadamu, kupona ni kama hakuna. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa pa kupita, Serengeti imefanyiwa kazi sana hiyo, na Pemba pia.

Mtu aking'atwa, hata mkwaruzo: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, angalia saa. Msipake pilipili, msipake mafuta ya taa, msipake majani ya babu. Halafu hospitali siku hiyohiyo, na sindano ukianza usikatishe katikati kwa sababu umejisikia mzima. Mbwa mwenyewe chanjo kila mwaka, kampeni nyingi za serikali ni bure au hela ya soda.

Mzee_wa_Kijiwe

Dokta mimi nilichanja wangu 2019 bado anafaa?

Dokta_wa_Mifugo_Moro

Hapana mzee. Mpeleke wiki hii.

Mzee_wa_Kijiwe

Sawa. Na yeye halali kwenye kochi, andika hiyo pia.

Baridi_ya_Ontario

Salamu kutoka Toronto. Sisi huku Ontario pit bull walipigwa marufuku Agosti 2005. Waliokuwepo wakaachwa waishi kwa masharti yaleyale ya Bosi, kuhasiwa, kamba, kikapu. Mpaka leo sheria ipo na mpaka leo wanabishana, kila uchaguzi mtu anaahidi kuifuta.

Magharibi huko Calgary wakaenda njia tofauti kabisa, hakuna mbegu iliyopigwa marufuku, ila kila mbwa ana leseni, aliyehasiwa analipa pungufu, na faini wanakupa kweli, sio za mdomo. Uholanzi nao walikuwa na marufuku ya pit bull tangu 1993 wakaifuta 2008 baada ya kuona watu wanaong'atwa hawapungui. Denver kule Marekani walikaa na marufuku tangu 1989, wananchi wakapiga kura 2020 wakaiondoa.

Ninachokiona mimi watu wanahama. Anayetaka mbwa wa kutishia watu ukimnyima hii atatafuta ile. Uingereza wenyewe walifungia pit bull 1991, haya huyo XL Bully katoka wapi? Ni damu ya pit bull hiyohiyo imechanganywa na wengine akanenepeshwa, mpaka wanakuja kushtuka miaka thelathini imepita. Sasa hivi kuna mtu gereji kwake huko anazalisha wa sita.

Mama_Wawili

Sawa wahame. Lakini hiyo Calgary yenu inafanya kazi kwa sababu wana hela ya kuajiri maofisa. Halmashauri yetu hapa hata mapipa ya takataka wanabeba kwa wiki mbili. Mnataka wamfuate kila mwenye mbwa paki?

Baridi_ya_Ontario

Leseni ndo inalipa maofisa dada, hapo ndo ujanja wao ulipo. Uingereza leseni ya mbwa ilifutwa miaka ya themanini huko, ilikuwa senti 37 kwa mwaka.

bin_Fundo

Senti thelathini na saba! Hata andazi hupati.

Kanairo_Wueh

Na si hata mbwa wakubwa peke yao. Mnakumbuka ile video ya Richmond Park 2011, mbwa anakimbiza kundi la swala hadi barabarani, mzee nyuma anaita Fenton! Fenton! Ile ilikuwa Labrador. Dunia yote ilicheka. Ingekuwa ni bully wangeita jeshi.

Pongwe_Kati

Wakubwa nimerudi, nilikuwa shifti. (Ni kulungu wale sio swala ila umeeleweka.)

Nimesoma zote. Nilianza uzi huu nikiwa na hasira na sheria ya mbegu, sasa hivi nipo katikati. Dada nimekubali kwamba kilo hamsini ni kilo hamsini, na kikapu cha Bosi kingekuwa ni hiari yangu huenda nisingemvalisha, ningekuwa na mimi wa "haumi". Tena nikiri, kabla ya hiyo sheria nilishakuwa hivyo. Kuna siku Bosi na miezi saba alimkimbilia mama mmoja wa kisomali na mtoto kwenye gari la kusukuma, na mimi nikapiga kelele hilohilo neno, kwa kiingereza changu kibovu, nikiona nimemtuliza. Yule mama alimnyanyua mtoto juu ya kichwa. Mimi! Niliyekulia kuokota mawe! Ami wa Fundo ulipoandika habari ya kanzu nikamkumbuka yule mama.

Kwahiyo ningeambiwa niandike mimi, ningesema kamba kwa kila mbwa sehemu ya watu wote, uzio wa kuachia mbwa uwe pembeni na geti lake, na leseni irudi hata iwe pauni ishirini. Mbegu waiache ilivyo kwa sasa, sina nguvu ya kubishana na futi. Na dokta nina swali kutoka kwa wife, mbwa asiye na kamba akimjia mtoto mbio mtoto afanyeje?

Dokta_wa_Mifugo_Moro

Asimame kama mti. Mikono akunje kifuani, aangalie chini, asipige kelele, asikimbie. Mbwa anafukuza kinachokimbia, mti anaunusa anaondoka. Akiangushwa ajikunje kama yai afunike shingo na masikio kwa mikono. Mfundisheni kama mchezo nyumbani, mara nyingi, maana siku yenyewe hatakumbuka maelezo, mwili ndo utakumbuka.

Mama_Wawili

Hili nimelichukua. Tumefanya mazoezi leo sebuleni, mdogo ndo alikuwa mbwa. Ahsante dokta.

Pongwe_Kati siku ukija Birmingham na huyo Bosi wako tuonane, ila kamba ushike wewe na nitakaa upande wa pili wa benchi.

Pongwe_Kati

Upande wa pili wa paki ukitaka dada.

mgosi_wa_ndima

Oya hukunijibu toka juu huko. Alifika 51?

Pongwe_Kati

Nimempima jana hapohapo mlangoni. 53.